Mzee Jovitus Karekezi, Aliyepeleka Mramba Ukweni (1962–2025)

Baba yetu mpendwa, marehemu Jovitus Karekezi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 katika Kata ya Ihembe, Wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Protase na Mama Adelina, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa mwezi huohuo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, naye hakupata. Hesabu alizijua, ila mwandiko wake ulikuwa mbaya kiasi kwamba barua aliyomwandikia mama yetu wakati wa uchumba ilibidi aje kumsomea mwenyewe. Mama anasema huenda ndiyo ilikuwa nia yake.

Marehemu alikuwa mkulima wa migomba na kahawa. Zaidi ya hapo alisifika kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kazi aliyorithi kwa baba yake pamoja na mtumbwi wa mbao wa kukamulia ndizi. Harusi na misiba mingi ya hapa ilinywa kutoka kwenye vibuyu vyake. Lakini anayetengeneza pombe huionja, na marehemu alizidi kuionja mwaka hadi mwaka. Hatuyasemi haya kumwaibisha. Yeye mwenyewe aliagiza yasemwe: “Msiposema, wenzangu walioko kilabuni watadhani nilizaliwa mtakatifu.”

Tarehe 26 Novemba 1988 alifunga ndoa takatifu na Sperancia, binti wa Mzee Melkiory wa Kibingo, ambako sasa ni Wilaya ya Kyerwa. Mungu akawajalia watoto watatu. Juni 2015 mama alirudi kwao Kibingo. Hakufukuzwa, alikuwa amechoka. Marehemu alitamani sana kumfuata, lakini kila alipojiandaa alikunywa kidogo apate ujasiri, na safari ikaishia kilabuni.

Mwaka huohuo, rafiki yake Clavery aliacha kuonekana kilabuni. Marehemu akadhani anaumwa, akaenda kumjulia hali. Clavery akamwambia, “Siumwi. Nimeacha. Jumapili mchana tunakutana Nyabiyonza, chumba cha makatekista, walevi watupu, tunasaidiana kuacha.” Tangazo la kikundi hicho marehemu alikuwa amelisikia kanisani mara nyingi, akidhani linawahusu wengine.

Jumapili iliyofuata alikwenda. Kwa kuwa alilelewa kutokwenda kwa watu mikono mitupu, alibeba dumu la rubisi nzuri kabisa na kuliweka katikati ya chumba. Watu wakatazamana. Mama Costansia, anayeongoza kikundi na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mlevi, akacheka mpaka machozi. “Karibu, Mzee. Umewaletea wagonjwa ugonjwa!” Wakatoka naye nje, akaimwaga mwenyewe kwenye shina la mgomba. Alipenda kusimulia kwamba alilia siku ile, na hakujua analilia mke au pombe. Hata hivyo alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Mara mbili alianguka. Alikwenda akakiri mbele ya wenzake, nao wakamsogezea kiti.

Ikabaki safari ya Kibingo. Kwa desturi yetu, mume hamfuati mke aliyerudi kwao bila kupeleka pombe. Wakwe wakiinywa pamoja naye, wamesamehe. Kikundi kikabishana. Wengine wakasema apeleke tu, ila asinywe. Mama Costansia akauliza, “Na wakwe wakimkabidhi kikombe, akikatae?” Marehemu alijua kwamba akinywa kikombe hicho atampata mke na kumpoteza tena.

Aprili 2016 alikwenda na Clavery, wamebeba kibuyu cha mramba, maji ya ndizi yaliyokamuliwa alfajiri ileile. Shemeji yake Lameck akamimina, akaonja, akacheka.

“Shemeji, umekosea siku! Hii pombe bado. Ungeiacha ichachuke.”

“Haitachachuka, shemeji. Tuinywe hivihivi.”

“Hivihivi? Umekuja kuchukua mke au kulisha watoto?”

Watu wakacheka. Mzee Melkiory hakucheka, wala hakugusa kikombe. Clavery anasema alikwishaanza kutafuta viatu vyake. Ndipo mama, aliyekuwa akisikiliza ndani, akatoka na kupiga magoti mbele ya baba yake.

“Baba, pombe ndiyo iliyonileta hapa. Mnataka ndiyo inirudishe?”

Mzee Melkiory akachukua kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakijaza tena, akampa marehemu naye anywe. Kisha akasema, “Lameck, mtolee dada yako mizigo yake.”

Tangu hapo marehemu hakuonja pombe tena. Aliuza ndizi mbivu badala ya rubisi, na Jumapili aliwapokea wageni wa kikundi mlangoni.

Mwaka 2023 alianza kuvimba tumbo na miguu. Madaktari waliona ini lilikuwa limeharibika tangu miaka ya nyuma. Jirani mmoja aliyekuja kumwona alimuuliza, “Sasa uliacha kwa faida gani?” Marehemu akamwonyesha mama aliyekaa kando na bakuli. “Faida ndiyo ile pale, inapuliza uji wangu.”

Alipokea Mpako Mtakatifu, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, alifariki nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 62. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mama.

Aliomba msiba wake usiwe na pombe. Tunawashukuru majirani mliotuletea ndizi, maharage na maziwa; tunajua kwa wengine haikuwa rahisi. Tunawashukuru pia wanakikundi wa Nyabiyonza, waliolala nasi matangani kama ndugu.

Marehemu ameacha mjane, Sperancia; watoto watatu, Kemirembe, Winston na Evelyn; na wajukuu sita. Alimwomba Mungu azikwe mke wake akiwepo, na mama yuko hapa, mstari wa mbele.

Bwana ampokee baba yetu, ampumzishe kwa amani. Amina.