Nani Anamzuia Fundi Sindano?

Benchi letu liko nje ya saluni yangu, hatua mia mbili kutoka lango la parokia. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na kwa miaka kumi na minne halijawahi kushindwa na swali. Hapa tumeamua kesi za mipaka ya viwanja, tumepanga vikosi vya mpira, na tumetibu kisukari cha watu wawili kwa mdomo tu. Kwa kuwa mimi ndiye kinyozi, mimi ndiye mwenyekiti, ingawa hakuna aliyenichagua. Wajumbe wa kudumu ni watatu. Wakili alipiga deki sakafu za mahakama miaka ishirini na miwili, akastaafu na lugha yote ya huko. Shemasi alikaa seminari miezi minne enzi za ujana wake na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Bi Birika anatuuzia kahawa na kutukatiza maneno. Jumamosi moja, saa tatu na nusu asubuhi, jirani yangu wa karakana, Fundi Sindano, anayetengeneza vyerehani, alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na bahasha ya kaki kwapani. Akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri kuitwa.

– Unakwenda kuomba kazi? nikamuuliza. Nilikuwa mlangoni namnyoa mteja ndevu.

– Nakwenda kwa padri. Saa nne. Mahojiano ya ndoa.

Hilo tulilijua, mtaa mzima ulilijua. Fundi alifiwa na mkewe miaka mitano iliyopita, na sasa alitaka kumwoa Mama Pindo, mshonaji, mjane mwenzake. Kilichokuwa kinawashughulisha watu ni kimoja: Mama Pindo ndiye aliyemsimamia binti wa Fundi siku ya ubatizo, miaka ishirini na mmoja nyuma. Ni mama yake wa ubatizo.

– Basi mbona umekaa? akasema Bi Birika, akimpa kikombe. Nenda.

– Shemeji yangu, dada wa marehemu, alinipigia simu jana. Anasema mama wa ubatizo wa mwanangu ameshakuwa ndugu yangu, na kanisa haliozeshi ndugu. Nikaona nipite hapa kwanza niwaulize.

Hapo benchi likachangamka. Shemasi akasafisha koo.

– Shemeji yako yuko sahihi. Hicho kinaitwa kizuizi cha undugu wa kiroho. Nilikisoma seminari.

– Ulikisoma lini? akauliza Bi Birika. Ulikaa miezi minne, na mmoja ulikuwa na surua.

– Mwezi huo ndio niliosoma sana. Sikiliza, Fundi. Mtoto akibatizwa, anazaliwa mara ya pili. Mara ya kwanza alizaliwa na marehemu. Mara ya pili kazaliwa na Mama Pindo. Tuko pamoja?

– Tuko pamoja, akasema Fundi.

– Wanawake wawili wenye mtoto mmoja ni akina nani? Ni dada. Kwa hiyo Mama Pindo ni shemeji yako.

– Mbona watu wanafiwa na wake zao na wanaoa mashemeji, na padri anafungisha? akasema Bi Birika.

– Shemeji wa damu, sawa. Shemeji wa maji ndiye mgumu.

Wakili aliinua mkono, kama alivyoona wenzake wakifanya huku yeye ameshika ufagio.

– Napinga. Hoja ya mwenzangu ina kasoro za kisheria. Mtoto ana baba mmoja, ambaye ni huyu mlalamikaji.

– Sijalalamika, akasema Fundi.

– Utalalamika. Mtoto huyo huyo ana mama wa pili, ambaye ni Mama Pindo. Baba na mama wa mtoto mmoja ni nani na nani? Ni mume na mke. Kwa hiyo nyinyi ni mume na mke tangu siku ya ubatizo. Hamhitaji padri. Mnahitaji nakala ya hukumu tu.

– Lakini siku hiyo mke wangu alikuwa amekaa pale kanisani, amembeba mtoto.

– Na hapo ndipo kesi yako inapoharibika. Ulikuwa na wake wawili miaka kumi na sita na hukutoa taarifa.

Shemasi na mimi tukacheka mpaka mteja wangu akaniomba niangalie wembe. Fundi hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe bila kunywa.

Nikaona ni wakati wa mwenyekiti kutoa suluhisho.

– Tumbatize binti upya, nikasema. Bi Birika awe mama wa ubatizo, yule wa kwanza aachwe huru.

– Ubatizo haurudiwi, akasema Shemasi.

– Basi tufute jina kwenye daftari.

– Daftari la ubatizo halifutwi, bwana. Kila kitu kiko humo. Ukioa, ndoa yako inaandikwa pembeni ya jina lako. Ndiyo maana padri anadai cheti kipya, hataki kile cha zamani kilicholiwa na mende. Anataka kuona pembeni pameandikwa nini.

Fundi akaigusa bahasha. – Kipya ninacho. Na cheti cha kifo cha mke wangu kimo humu.

– Basi imebaki Roma, akasema Shemasi. Tuandike barua ya kuomba kufunguliwa kifungo cha undugu. Lazima iwe ya Kilatini. Nitaiandika mwenyewe.

– Kilatini gani unachokijua wewe? akauliza Bi Birika.

– Naanza na Dominus, namaliza na Amina. Katikati naweka maelezo.

– Roma watakataa, akasema Wakili, kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Padri tunamwita nani? Baba. Na padri mzee, yule marehemu, ndiye aliyetubatiza sote mtaa huu. Kama maji yanazaa, sisi sote ni watoto wa baba mmoja. Kwa hiyo ndoa zote zilizofungwa parokia hii ni batili.

Nikasimamisha wembe. Niliifikiria ndoa yangu ya miaka kumi na tisa, na sitasema uongo, nilihisi kaupepo. Kisha nikakumbuka kwamba saluni imeandikishwa kwa jina la mke wangu.

– Hoja imekataliwa, nikasema.

– Huwezi kukataa hoja yenye ushahidi.

– Fundi, akasema Bi Birika, ni saa nne na dakika kumi.

– Namalizia kikombe hiki.

– Hujakianza.

Shemasi akaanza kueleza kama msimamizi wa ubatizo aliyekuja amechelewa anahesabika ndugu kamili au nusu. Wakili akadai nusu ndugu wana haki ya kukata rufaa. Tulikuwa tumefika pazuri kabisa pale binti wa Fundi alipovuka barabara, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa anakofanya kazi.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama, tukaitika wote.

Akasimama mbele ya baba yake.

– Baba, mama yangu wa ubatizo amefika kwa padri tangu saa nne kasoro robo. Kila mmoja anahojiwa peke yake, na yeye ameshamaliza. Wanakusubiri wewe.

– Mama yako mkubwa anasema...

– Najua anachosema mama mkubwa. Nilimuuliza padri mwenyewe juma lililopita. Ameniambia zamani kulikuwa na kizuizi cha undugu wa ubatizo, na sheria ya kanisa letu ya sasa imekiondoa. Hakipo, baba.

– Kimeondolewa lini? akauliza Shemasi.

– Nilikuwa sijazaliwa bado, babu.

Shemasi akatazama ndani ya kikombe chake. – Mimi nilisoma kabla yake, akasema.

Binti hakugeuka kumtazama.

– Padri alimuuliza mama kama kuna mtu anayemlazimisha kuolewa. Akasema hakuna. Akamuuliza kama anajua kwa nini wewe hujafika. Akatoka nje akanipigia simu. Sasa na mimi nina swali. Sheria haikuzuii. Mama hajabadili nia. Mimi nilishakwambia nitafurahi. Nani anakuzuia?

Fundi alikiweka kikombe chini, kimejaa vile vile.

– Watu watasema tulianza mama yako akiwa hai.

– Watu gani?

Wakili akatafuta kifungo cha shati lake. Shemasi akawa anasoma bango la saluni, ambalo analijua kwa moyo. Bi Birika alitutazama sisi watatu, mmoja baada ya mwingine. Benchi lilikuwa limeshindwa.

Tulishindwa kwa sababu jibu tulikuwa nalo. Mwaka mmoja baada ya mazishi, cherehani cha Mama Pindo kiliharibika mara nne kwa mwezi, na Fundi akaenda mara nne. Mimi, nikiwa na mkasi mkononi na wateja wanaonisikiliza, nikasema hakuna mashine ya hivyo, hawa wameanza siku nyingi, marehemu akiwa kitandani anaumwa. Wakili akatia tarehe. Shemasi akatikisa kichwa, ambavyo ndivyo anavyokubali bila kutenda dhambi. Kicheko kilikuwa kikubwa. Maneno yakaenda sokoni, yakapanda basi, yakamfikia dada wa marehemu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona chochote.

– Mimi, nikasema. Binti, ni mimi niliyesema. Nilisema hapa hapa.

– Najua, akasema Fundi. Karakana yangu na saluni yako zinatenganishwa na ubao mmoja.

– Ulisikia?

– Yote.

– Na bado umekuja kutuuliza sisi mambo ya sheria?

– Sheria ningemuuliza padri. Nilikuja kuona mtakavyonitazama.

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kufanya, maana kugombana naweza. Niliona aibu ya kweli, na mteja wangu alikuwa ananitazama.

– Kuna jambo lingine, akasema binti. Padri anataka mtu anayemfahamu baba siku nyingi, aape kwamba yuko huru kuoa. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa aje. Amekataa.

Wakili akasema kiapo ni kitu kizito, angependa kwanza kupitia jalada. Shemasi akasema goti lake haliafikiani na ngazi za parokia. Parokia ina ngazi mbili.

Nikavua aproni.

– Na ndevu zangu? akauliza mteja. Upande mmoja ulikuwa umekwisha.

– Kaa unywe kahawa, akamwambia Bi Birika. Mwenyekiti ana kazi.

Tukaenda watatu, mimi, Fundi na binti. Ofisi ya parokia ina meza ya chuma, kabati la mafaili lisilofungika, na viti vya plastiki kwenye ukumbi mdogo wa nje. Mama Pindo alikuwa kwenye kimoja, mkoba mapajani, amenyooka. Alimtazama Fundi, kisha akanitazama mimi kuanzia viatu.

– Umechelewa, akamwambia Fundi.

– Nilikuwa natafuta shahidi.

– Ukampata huyu?

– Huyu ndiye anayejua kila kitu.

Mama Pindo alitaka kukasirika, nikaona. Badala yake akavuta kiti cha pembeni yake, akampangusia Fundi vumbi kwa kiganja.

Padri aliniita kwanza, akafunga mlango. Ni kijana, labda umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akaweka Biblia mbele yangu. Mkono nilioweka juu yake ulikuwa na nywele za mteja.

– Unamfahamu kwa muda gani?

– Miaka kumi na minne. Nilimnyoa asubuhi ya mazishi ya mkewe.

– Aliwahi kufunga ndoa na mtu mwingine zaidi ya marehemu?

– Hapana.

– Umewahi kusikia jambo lolote linaloweza kumzuia kuoa?

– Nimesikia mengi, padri.

Akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. – Kutoka kwa nani?

– Kutoka kwangu.

– Yana ukweli?

– Hayana. Niliyatunga ili watu wacheke.

– Yote?

– Yote.

Kisha akaandika neno moja, hakuna, akanigeuzia karatasi niweke sahihi. Nilipomaliza akaivuta kwake, na nikadhani tumekwisha.

– Hili umeniambia mimi hapa chumbani, mlango umefungwa, akasema. Lile ulilisema wapi?

– Benchini.

– Basi rudi ukaliseme benchini, kwa sauti ile ile.

Nilirudi. Wakili alikuwepo, Shemasi alikuwepo, mteja mwenye ndevu upande mmoja alikuwepo, na wengine sita waliokuja kusikia kilichotokea. Sikukaa. Nikawaambia wanyamaze, nikaanza tangu mwanzo.