Chumba Kilicho Kwenye Picha
Risala ya wafanyakazi wa nyumba ya wageni kwa mwenye nyumba, siku ya kutundika cheti

Mgeni rasmi, ambaye pia ndiye mwenye nyumba. Wageni wa vyumba vya juu mliokubali kuahirisha matembezi yenu kwa nusu saa. Jirani wa ukuta wa kushoto uliyetuazima viti:

Sisi wafanyakazi wanne, yaani msafishaji, dobi, mtunza bustani na fundi, tunaomba kusema machache. Risala inasomwa na dobi kwa sababu ana sauti, na kwa sababu fundi alikataa.

MAKARIBISHO

Karibu nyumbani. Neno hili tumelipima kabla ya kuliandika, kwa kuwa nyumba ni yako, na mara ya mwisho ulipofika, miaka mitatu iliyopita, ulikaa saa mbili huku teksi ikikungoja nje. Safari hii utalala siku tatu, nasi tumefurahi.

Tumekifurahia pia cheti. Mtandao unaotuletea wageni umeitaja nyumba hii kuwa miongoni mwa zinazopendwa zaidi katika msimu wa likizo. Cheti wamekituma kwako, nawe umetuletea ili tukitundike. Msumari umeshapigwa. Fundi anaomba ieleweke kwamba ule ni ukuta mkavu, na kwamba kuutafuta kulimchukua asubuhi nzima.

HISTORIA

Nyumba hii ilikuwa ya mama yako mzazi. Katika miaka yake tisa ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kutembea bila kushikwa, ulimwajiri mwanamke wa kumwangalia. Wageni wanamwita Mama Funguo, nasi tutamwita hivyo hivyo. Alipewa chumba cha mwisho upande wa bustani kwa kuwa kimepakana na kile cha mgonjwa. Mama yako akigonga ukuta mara moja, anataka maji. Mara mbili, anataka kugeuzwa. Mara tatu, anataka maongezi. Tatu ndizo zilizokuwa nyingi.

Wiki mbili kabla hajafariki alimwambia, "Chumba hicho ni chako hata nikiondoka. Asije mtu akakwambia vingine."

Mama Funguo akamjibu, "Kunywa dawa kwanza, kugawana nyumba tutagawana baadaye."

Dobi anayekusomea alikuwepo, akikunja mashuka. Siku ya tatu ya msiba, wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ulisimama kwenye mlango wa chumba hicho ukasema, "Mama, usihame. Baki hapo hapo." Mtunza bustani alikuwa akipanga viti na alisikia. Hatuyasemi haya ili kukukumbusha. Tunayasema kwa sababu hayakuandikwa popote, na jambo lisiloandikwa huonekana kama halikutokea.

Baada ya msiba ukaamua vyumba vinne vilivyobaki vipangishwe kwa siku. Mama Funguo akabaki kuwa mwangalizi wa nyumba, nasi wanne tukaajiriwa rasmi.

MAFANIKIO

Miaka miwili ya kwanza msimu wa likizo ulitupita kando. Nyumba za mtaa wa pili zilijaa. Sisi tulipata mgeni mmoja mmoja, na baadhi walikuwa wamepotea njia. Ukafanya utafiti, ukatutumia maelekezo kumi na manne ya kuvutia wageni. Yote tumeyatekeleza. Tunatoa taarifa ya matatu.

Uliandika kwamba mgeni wa siku hizi hapendi kupokelewa na mtu. Anapenda kisanduku cha namba mlangoni, abonyeze, achukue ufunguo, aingie. Kisanduku kimefungwa na kinafanya kazi. Mgeni hufika, hubonyeza namba, kisha humpigia simu Mama Funguo.

"Mama, kimegoma."

"Hakijagoma, mwanangu, umeanzia namba ya mwisho. Haya acha, nakuja."

Huja na kishada chake cha funguo kiunoni, akafungua, akabeba begi dogo na kumwachia mgeni kubwa, na kabla hawajafika kwenye ngazi ameshajua mgeni amekula au hajala. Msimu huu wageni wameandika maoni arobaini na moja. Thelathini na matatu yanamtaja yeye. Kisanduku kimetajwa mara moja, na mgeni aliyenyeshewa.

Uliandika vilevile kwamba mmea hukifanya chumba kionekane kina uhai. Tuliuweka mmea katika chumba namba mbili, chini ya dari inayovuja. Tangu siku hiyo hatujaumwagilia maji hata mara moja, na sasa umefika dirishani. Kuhusu dari yenyewe tulikuandikia barua tatu. Mmea ndio uliokuwa jibu.

La mwisho, uliandika kwamba mgeni hununua kwa macho, ukatuma mpiga picha. Hili lilifanikiwa kuliko yote, na ndilo linalotupeleka kwenye sehemu inayofuata.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa inabidi tueleze utaratibu wetu wa kazi ambao pengine huujui. Kitu chochote kipya kinachonunuliwa kwa ajili ya wageni, kiwe shuka, pazia, taa au mto, hukaa kwanza wiki moja chumbani kwa Mama Funguo. Hukilalia, hukiwasha, hukifunga na kukifungua, kisha hutoa hukumu. Shuka linalowasha mwili hurudi dukani. Taa inayopepesa humrudia fundi pamoja na maneno yake. Tuliuanza utaratibu huu baada ya kitanda kipya kumwangusha mgeni siku ya kwanza, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeanguka.

Vitu vipya vya msimu vilifika Jumamosi. Mpiga picha alifika Jumanne. Kwa hiyo siku hiyo kila kilichokuwa kipya ndani ya nyumba hii kilikuwa katika chumba kimoja. Vyumba vya wageni vilikuwa na mapazia ya zamani, na namba mbili ilikuwa na ndoo.

"Mzee, chumba chenu kizuri ni kipi?" mpiga picha alimuuliza mtunza bustani.

Mtunza bustani hakuulizwa habari za wageni. Aliulizwa chumba kizuri. "Kile cha mwisho," akasema, akaendelea kupogoa.

Mama Funguo alikuwa sokoni. Aliporudi alimkuta mpiga picha akikunja vyombo vyake.

"Umemaliza vyumba vyote?"

"Vyote, mama. Hicho cha mwisho ndicho kimenimaliza mimi. Lile jua lake."

"Hicho cha mwisho," Mama Funguo akaanza, simu ikaita. Mgeni alikuwa amekwama kwenye kisanduku. Akaenda kumfungulia.

Baada ya siku nne picha ilikuwa mtandaoni, ya kwanza kabisa, na chini yake maneno uliyoyaandika wewe: "Chumba Namba Moja, chumba cha jua la asubuhi. Redio ya kizamani imewekwa kwa ajili ya mandhari." Redio hiyo haikuwekwa. Inasikilizwa.

Katika wiki moja nafasi zote zilijaa mpaka mwisho wa msimu. Ukatuandikia, "Hongereni sana." Siku hiyo ndiyo tuliyopaswa kukujibu kwamba chumba hicho si cha wageni. Hatukujibu. Pongezi tulikuwa tumezingoja miaka miwili, tukaona tuzionje kwanza. Hilo ni kosa letu sote wanne, na hatutafuti wa kumsukumia.

Waliotangulia kukidai ni maharusi. Mama Funguo aliwapeleka namba tatu, wakatua mizigo, kisha bibi harusi akatoa simu.

"Mama, samahani, hiki sicho."

Mama Funguo akavaa miwani, akaishika simu mbali kidogo na uso. Akakiona kitanda chake, redio yake, na kitambaa cha juu ya redio alichokifuma kwa mikono yake.

"Mlichopewa kina kasoro gani?"

"Hakina neno, mama. Ila tulichoweka nafasi ni hiki."

"Tumeshawaonyesha mpaka mashemeji," bwana harusi akaongeza kwa adabu.

Mama Funguo akawatazama, akaitazama tena simu, akairudisha.

"Basi nipeni dakika ishirini," akasema. "Kuna mtu anatoka."

Leo ni wiki ya kumi. Tangu siku hiyo analala katika chumba cha kufulia, kwenye godoro lililo kati ya mashine na rafu ya taulo. Dobi, akiingia kazini, humuuliza, "Malkia, bwana wako kaamkaje?" Naye hujibu, "Huyu bwana ana afadhali. Akianza kunguruma namzima." Hajalalamika. Tumemuuliza mmoja mmoja na kwa nyakati tofauti, na jibu limekuwa moja. Kikohozi kilianza wiki ya tatu. Yeye anasema ni sabuni ya unga. Msafishaji, anayetumia sabuni hiyo hiyo siku nzima, hakohoi.

Wiki mbili zilizopita tulipata barua yako. Mgeni mmoja alikuwa ameandika kwamba kabati la chumba namba moja lina magauni ya mtu. Ukaagiza, nasi tunanukuu: "Chumba hicho sasa kitapangishwa mwaka mzima. Mfanyakazi anayehifadhi vitu vyake humo aviondoe kabla sijafika. Kwa sababu za usafi, chumba cha kufulia kisilaliwe. Wafanyakazi wote walale makwao."

Sisi wanne tuna makwetu. Amri hiyo haikutupunguzia kitu.

Msafishaji ndiye aliyemsomea. Mama Funguo alisikiliza mpaka nukta ya mwisho, akaomba arudiwe katikati. Kisha akasema, "Hajataja jina langu. Huenda hanisemi mimi."

Tumeichunguza hoja hiyo kwa makini, mgeni rasmi, kwa sababu tungependa iwe kweli. Nyumba hii ina wafanyakazi watano. Wanaolala humu ni mmoja.

MAOMBI

Kwanza, dari ya chumba namba mbili itengenezwe. Fundi anasema ni kazi ya siku nne. Mmea tutauhamishia bustanini, ingawa mtunza bustani ana wasiwasi kwamba utashtuka ukikosa kuhudumiwa.

Pili, mpiga picha arudi. Safari hii atakuta vitu vipya vimeshajaribiwa na viko katika vyumba vinavyostahili, na atapelekwa kwa mkono, mlango kwa mlango. Yawezekana picha hizo zisiwe na jua kama lile, na wageni wakapungua. Hatutakuficha kwamba hilo tunaliona. Tunachoweza kusema ni kwamba waliovutwa na chumba walikuja, na walipoondoka wakaandika habari za mtu. Maoni yote yapo mezani, yamepangwa kwa tarehe. Yasomwe.

Tatu, yale maneno uliyoyasema mlangoni siku ya tatu ya msiba, uyaandike. Tumeandaa karatasi. Ina mstari mmoja tu, unaosema kwamba chumba cha mwisho upande wa bustani ni cha mwangalizi wa nyumba, akiwa kazini na akishastaafu. Jina lake kamili tumeliandika, ili safari hii asije akadhani anasemwa mtu mwingine.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ulituma ujumbe kwamba ungependa kulala katika chumba kilicho kwenye picha, ujionee mwenyewe kinachovuta watu. Ombi lako limekubaliwa na mwenye chumba. Tunaambatanisha ombi letu dogo, ambalo si la nne bali ni la adabu tu: ukifika pale mlangoni, bisha hodi.

Mungu akulaze salama siku zako tatu, akujalie nyumba yenye wageni misimu yote na kuta zilizo kavu kama ule wenye cheti, na akuzidishie kumbukumbu njema za mama yako. Amina.

Ni sisi, wafanyakazi wa nyumba yako:

Msafishaji (sahihi)
Dobi (sahihi)
Mtunza bustani (sahihi)
Fundi (sahihi)

Sahihi ya tano haipo. Mwenyewe yuko ndani, anatoa magauni kabatini ili mgeni rasmi upate pa kutundika nguo zako.