Beth Njambi Macharia, Fundi wa Sare za Watoto wa Ruiru (1967–1996)

Beth Njambi alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 mjini Ruiru, kifungua mimba wa Mzee Kagwe.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ruiru hadi mwaka 1980. Wenzake wanamkumbuka akivaa sweta muhula mzima, jua likiwaka, kwa kuwa gauni lake lilikuwa na kiraka mgongoni na hakutaka kionekane.

Baada ya kujifunza ushonaji mjini Thika, alifungua kibanda sokoni Ruiru mwaka 1983, akashona sare za shule. Mzazi akileta kitambaa kisichotosha, Njambi aliongezea chake upande wa ndani, mahali ambapo watoto wengine wasingeona.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Bwana Macharia, na mwaka 1992 wakajaliwa mtoto wao Kang'ethe.

Tarehe 6 Mei mwaka huu alijifungua binti kwa upasuaji mjini Thika. Uchungu ulikuwa umekawia na kibofu kikaumia, hivyo alirudi nyumbani na mpira wa mkojo na mfuko wake, apone polepole. Muuguzi Aketch alimwonya: "Mama Kang'ethe, mfuko ukae chini ya kitanda siku zote. Ukiuinua, mkojo unarudi ndani. Na unywe maji mengi."

Lakini akina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto, kila alasiri, na uji na njahi, yale maharage meusi apikiwayo mzazi. Kila aliposikia hodi, Njambi aliupandisha mfuko kitandani, akaukumbatia chini ya shuka mpaka wageni waondoke. Uji aliuonja tu, mfuko usijae mbele yao. Mmoja wao alimtania: "Shuka umeishika hivyo, kuna pacha umetuficha?" Wakacheka, naye akacheka.

Homa ilipoanza, alimwambia mumewe ni maziwa yanaingia. Macharia alipofunua shuka ili ambadilishie, alikuta mfuko ubavuni mwake, mkojo umekuwa mzito kama uji. Walirudi Thika siku hiyo hiyo. Maambukizi yalikuwa yamefika kwenye figo, na kutoka hapo yakaingia kwenye damu. Dawa hazikufua dafu.

Kabla hajapoteza fahamu, alimshika Macharia mkono. "Watasema nimerogwa. Waambie niliona haya. Waambie wote, hata wale wa uji." Alifariki tarehe 29 Mei 1996. Ni kwa agizo lake haya yanasomwa hapa Theta, kwenye mazishi yake, mbele ya waliomtembelea, ambao hawakumkosea kitu.

Ameacha mume, baba yake Mzee Kagwe, mwanawe Kang'ethe, na binti mchanga, Wairuri, aliyepewa jina la mama mkwe. Kibandani ameacha sare ya Kang'ethe ya kuanzia shule, imebaki kupindwa.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani, mahali ambapo hatakuwa tena na la kuficha.