Mzee Chaki na Neno Aliloliondoa kwenye Fomu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kazini, mkaguzi mkuu wa idara yetu ya madaraja na majengo anakabidhi nyundo yake. Humu ofisini hakuna anayemwita kwa cheo. Ni Mzee Chaki, kwa sababu hajawahi kupima nguzo bila kuichora miraba kwanza, na mifuko ya suruali zake ni myeupe daima. Mama watoto wake anasema miezi ya mwanzo ya uchumba aliamini amempata mwalimu.

Kazi yake ni kusikiliza zege. Hugonga, hutega sikio, kisha huunganisha waya kwenye nondo na kusoma voltimita mraba kwa mraba, ajue kutu imefika wapi na nguzo imebakiwa na miaka mingapi. Rangi mpya haimbabaishi. Alishafunga madaraja mawili yaliyokuwa yakimeremeta, akatukanwa na mtaa mzima, na yalipobomolewa nondo zilikutwa zimelika hadi unene wa kalamu.

Lakini wasifu huu ungekuwa wa uongo kama ningeuruka mwaka wake wa tatu. Alikuwa akikagua daraja la waenda kwa miguu, mvua ikamkatiza akiwa amebakiza nguzo ya saba. Kwenye fomu, mbele ya nguzo hiyo, akaandika neno moja: bado. Alimaanisha bado hajaipima. Ofisini wakaelewa kuwa bado haijaingia kutu, wakaipitisha. Miezi minne baadaye kipande cha zege kilibanduka juu ya nguzo hiyo, kikamwangukia begani karani wa idara hii aliyekuwa akipita kwenda kazini. Karani huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Mzee Chaki hakujificha. Alikuja wodini siku ile ile na nakala ya fomu, akanionyesha neno lenyewe na kukiri kuwa ni mwandiko wake. Tangu hapo neno hilo halimo katika fomu zetu. Nguzo ama imepimwa ama haijapimwa, na tarehe iwepo. Wakaguzi wapya hununa anapowarudisha kwa ajili ya mraba mmoja waliousahau, mpaka wasimuliwe habari za bega langu.

Kwa miaka thelathini na moja, kila asubuhi ya mvua, amepita mezani kwangu kuuliza kama bega limepona. Nami kwa utani humjibu: bado. Hucheka kidogo, kisha huinamisha uso. Nimechelewa kung'amua kuwa neno lile lile limefanya kosa lile lile. Mimi nilisema habari za bega, yeye akasikia kwamba sijamsamehe. Hilo linaniumiza kuliko bega.

Mzee Chaki, wengi wanavuka salama bila kukujua, na kwa niaba yao tunakushukuru. Ukapumzike vyema na wajukuu, na siku zako ziwe za heri. Ila kabla hujaondoka, acha niijaze fomu yako inavyotakiwa. Bega: huuma kukiwa na baridi. Kinyongo: hakipo. Msamaha: ulitolewa siku ile ile, wodini, kabla hujamaliza kuikunja ile nakala.