Mwalimu Yuditha na Ndege Waliomtia Mzee Eliufoo Wivu

Ndugu waombolezaji, mliotoka mbali na mliovuka mfereji tu, karibuni tumsindikize Mwalimu Yuditha Eliufoo kwa maneno kabla ya kumsindikiza kwa udongo.

Mwalimu Yuditha alizaliwa Tanga tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Primus, fundi wa reli, na mkewe Ndelilio. Baba yake akitoka kazini alimchukua mpaka ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, wakakaa kuwatazama ndege wakichokoa matope. Mtoto yule alimjua sululu, yule mwenye miguu mirefu na mdomo uliopinda, kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Tanga, kisha shule ya kati ya wasichana, na mwaka 1961 akahitimu ualimu. Alipangiwa kazi huku mlimani, Kirua Vunjo, kwa mababu zake, mahali alipokuwa akipasikia tu kwenye mazungumzo ya wakubwa. Alifundisha hapa hadi alipostaafu mwaka 1996, na wengi mliosimama hapa aliwashikisha kalamu.

Mzee Eliufoo alimwona kanisani, naye hakuchelewa. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1964. Wazee walimwonya bwana harusi: "Huyu amekulia kwenye joto na samaki. Siku akikumbuka kwao, utabaki na migomba yako." Mzee alicheka, lakini neno lile lilimwingia kama mwiba kidoleni: hauonekani, ila ukigusa kitu unaujua.

Mwiba ulianza kutunga usaha mwaka 1993. Margareta, rafiki wa Mwalimu tangu utotoni, alimtumia kwa basi kitabu cha habari za ufukwe: mikoko, kaa, kupwa na kujaa kwa maji, na ndege. Mwalimu alikisoma kila jioni jikoni, ndizi zikitokota, akicheka peke yake. Siku za soko alishuka Moshi na jirani yetu Zita, na wakishauza ndizi walipitia msitu wa Rau kuwasikiliza ndege wa midomo mikubwa, hondohondo. Watu wakasema, "Mwalimu kaenda kukagua kuku wa Mungu." Hilo Mzee alilivumilia, kwa kuwa Rau ni karibu na jioni mtu hurudi. Kilichomchoma ni kile kitabu cha pwani.

"Mama Goodness, huyo sululu wako anajua kukamua ng'ombe?"

"Hajui, Baba Goodness. Lakini huja kwa wakati wake, na hanuni."

Kila Mwalimu alipoomba waende Tanga, Mzee alikuwa na sababu: mara kahawa imeiva, mara ng'ombe anakaribia kuzaa, mara wanunuzi binafsi wamefika na mizani yao na hawana subira. Ukweli aliwaambia wanawe baadaye: aliogopa kwamba akimpeleka, atarudi peke yake.

Basi Juni 1995 mwanamume mzima, mzee wa kanisa, alikichukua kitabu kile akakificha zizini, katikati ya mzigo wa majani ya migomba. Alisahau kwamba ng'ombe wa kufugwa ndani hachagui, hula analoletewa. Asubuhi Mwalimu, asiyejua lolote, akaumwaga mzigo horini. Aliporudi na ndoo ya maziwa alimkuta ng'ombe anatafuna kupwa na kujaa. Jalada lilipona, na kurasa kama nusu. Mwalimu hakuuliza ni nani, maana mzigo ule alikuwa ameufunga mtu mmoja tu. Alipika, akapakua, akaenda kufundisha, lakini maneno akamnyima.

Kwetu, aliyekosa akituma jani la isale kuomba msamaha, aliyekosewa halikatai, hata kama damu ilimwagika. Lakini isale huenda kwa jirani, huenda kwa ukoo mwingine. Nani aliwahi kumtumia mke wa nyumba hiyohiyo? Mzee alilifunga jani fundo, akamtuma jirani yake Filemon atoke mlango wa nyuma, azunguke, aingie wa mbele. Filemon alitamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na... huyo aliye nyuma ya nyumba."

Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti yake ya darasani, ili aliye nyuma asikie: "Nimelipokea, siwezi kulikataa. Ila jani hili halisomeki. Anipeleke nikaone kilicholiwa."

Januari 1996 walikwenda. Mzee alikunja suruali, akasimama kwenye matope ya Tanga akimkazia macho adui yake.

"Kumbe ndiye huyu? Na miguu hii?"

"Ndiye. Miaka yote hiyo unamwonea wivu huyu."

Mwalimu alicheka mpaka sululu wakaruka. Mzee hakucheka, alikuwa akisubiri neno moja tu. Jua lilipoanza kushuka, mkewe alijipangusa matope miguuni akasema, "Haya, Baba Goodness, kesho twende nyumbani. Zita hamwezi yule mla vitabu."

"Nyumbani wapi?"

"Kwani wewe unazo ngapi?"

Mwaka 2001 Mwalimu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza na macho yakafifia. Mzee, ambaye maisha yake yote alisoma Biblia, kitabu cha nyimbo na bei ya kahawa, akawa msomaji wake. Akifika kwenye kurasa zilizoliwa, alisimulia mwenyewe aliyoyaona Tanga, na mgonjwa akamsahihisha: "Sululu hali mahindi, wewe." Jioni ya tarehe 9 Agosti 2004, hapa nyumbani, alimwambia makusudi kwamba sululu hutaga juu ya migomba, akasubiri kusahihishwa. Hakusahihishwa.

Mwalimu ameacha mume, watoto watatu, Goodness, Jacob na Violet, wajukuu saba, na rafiki yake Margareta, aliyefika jana kutoka Tanga, na ambaye Mzee mwenyewe amemwekea kiti karibu na chake.

Mzee anasema wivu haujamwisha, maana safari hii mkewe amekwenda bila yeye. Kitabu amebaki nacho. Lile isale, sasa limekauka, limo ndani yake, mahali kurasa zinapokosekana.

Bwana ampumzishe Mwalimu Yuditha mahali patulivu, maji yakiwa yamekupwa.