Mama Kanyaga na Mwenye Gereji

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja aliyetutoka wiki hii. Mtaani kwake walimwita Mama Kanyaga. Alikuwa fundi cherehani, narudia, wala si makanika. Lakini breki alizijua, na alizijua kwa hasira.

Mume wake alikuwa seremala mwenye pikapu ya kubebea vitanda na makabati. Siku moja breki zikawa laini, pedali inazama kama mguu kwenye tope. Akaipeleka gereji. Mwenye gereji akamrudishia ufunguo huku akitabasamu. "Tumetoa upepo wote kwenye breki. Endesha kwa raha zako."

Hakutoa upepo. Hata spana hakushika.

Kesho yake, kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, seremala alikanyaga breki, pedali ikagota sakafuni. Chini kulikuwa na watu wanasubiri basi. Akakata usukani, akaingia ukutani. Watu wale wakapona. Yeye hakupona.

Kwenye uchunguzi wa ajali, mwenye gereji alisimama bila kupepesa macho. "Marehemu alipenda mwendo kasi." Wasikilizaji, neno hilo lilimchoma mjane kuliko msiba wenyewe. Wifi yake, dada wa marehemu, anakumbuka: "Tulipotoka nje aliniambia, 'Wifi, simpigi, simlaani. Nitamkausha.'"

Akamfuata jirani, dereva mstaafu, akamuuliza: upepo unaingiaje kwenye breki, na unatokaje? Mzee akamfundisha uani, kwa gari lake yeye mzee. Zuia matairi kwa mawe. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo la mafuta ya breki. Chomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta ya breki. Mmoja akae kwenye usukani, mwingine ashike spana.

Wifi ndiye aliyekaa kwenye usukani.

"Kanyaga! Shikilia!" Nati inafunguliwa, mapovu yanatoka kwenye mpira. Nati inafungwa. "Sasa achia!" Kufunga kwanza, kuachia baadaye. Ukiachia kabla, upepo unarudi ndani. Na kopo lisikauke, maana likikauka umefanya kazi bure. Unarudia mpaka yatoke mafuta matupu na pedali iwe ngumu.

Basi kila Jumamosi akafungua geti lake na kufundisha mtaa mzima. Walimu, wauza duka, mabibi harusi watarajiwa. Asiye na wa kumkanyagia alifundishwa kufanya peke yake, polepole, kwa chupa na mpira. Walioendelea kwenda gereji walikwenda na maswali: "Umetoa upepo? Nionyeshe mapovu." Mwenye gereji akaanza kuona uwanja wake mtupu, bila magari. Mafundi wakamwacha mmoja mmoja. Mama Kanyaga akipita pale na kitambaa chake begani, alipunguza mwendo makusudi, ashibe kutazama.

Miaka ikapita. Kiharusi kikampooza mwenye gereji mkono wa kulia. Jumamosi moja gari lake likasimama getini, binti yake akiwa kwenye usukani. Breki zilikuwa laini, na mkono wake haukuweza tena kushika spana.

Mwenye gereji akashuka.

"Sema kwanza," Mama Kanyaga alimwambia. "Mbele ya hawa."

Mwenye gereji akatazama chini. "Sikutoa upepo. Nilisema nimetoa."

"Na mwendo kasi?"

"Nilimsingizia."

Mama Kanyaga akalala chini ya gari. Wifi akainama kando yake, akanong'ona: "Iache nati moja ilegee. Nani atajua?"

Wifi anasema spana ilitulia muda mrefu. Binti wa watu alikuwa juu pale, mguu kwenye pedali, anasubiri kuambiwa. Kisha Mama Kanyaga akakaza nati. Akakaza zote. "Nilimnunia mwezi mzima," wifi anatuambia, akicheka na kulia.

Mwenye gereji akauliza, "Umenisamehe?"

"Hapana. Panda gari. Kila likisimama, ujue hivyo ndivyo lilivyotakiwa kusimama la mume wangu. Ishi na hilo."

Hakumsamehe mpaka anaingia kaburini, wasikilizaji, nasi hatutampamba kwa asichokuwa nacho. Gereji ile ilifungwa muda si mrefu baadaye.

Kwa wifi, kwa watoto, kwa mtaa mzima uliojifunza uani pale: poleni sana. Tuko nanyi kwenye kilio hiki.

Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja na kazi yake. Wewe uliyemwambia mtu "tayari" ilhali hujagusa kitu, mtu huyo yuko njiani sasa hivi, na amekuamini.