Nyota ya Saba Nukta Mbili

"Yah: Maelezo ya Maandishi Kuhusu Kupuuzwa kwa Nyota Moja (1) Inayobadilika Mwanga." Ndivyo ilivyoanza barua kutoka chama cha Dar es Salaam, na Taufiki, katibu wa kikundi cha watazama nyota cha Kilindoni, aliisoma mara tatu hata kahawa ikapoa. Chama kiliwaazima darubini, wao wakakubali kupima mwanga wa nyota hiyo nyekundu kila wiki. Sasa maelezo yasipotumwa kabla ya adhuhuri, darubini irudi na boti ya Alhamisi. Taufiki aliipenda darubini ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mkewe. Aliilaza barua juu ya daftari la vipimo, kwenye benchi la Mwanaharusi muuza kahawa, akaomba sababu.

— Kosa ni la nyota yenyewe, alisema Ukasha, fundi simu anayeitwa Injinia. Haina jina. Herufi mbili na namba, kama pikipiki. Nani ataiweka kwenye stetasi?

— Halafu inachukua miezi kumi na moja kubadilika, alidakia Mansuri, bodaboda waliyemwita Mbio kwa sababu hakuwa nazo. Hiyo si nyota, ni ofisi.

— Ofisi gani ilikujibu kwa miezi kumi na moja?

— Ndiyo nasema nyota ina nafuu.

Mzee Gulamabbas, mwenye duka la vyombo na mwenyekiti wa kikundi, alisogeza kikombe.

— Watazamaji wa siku hizi hawana subira. Wanataka Zohali na pete zake, wapige picha, wakalale.

— Mimi nasema wakubwa wanatugawia mbovu, alisema Mbio. Nyekundu ile betri imekwisha.

— Ni kampuni za taa, alisema Injinia. Hawataki ijulikane kuna kitu huzimika kikawaka tena bila fundi.

— Niandike hilo? aliuliza Taufiki.

— Andika, upige na mhuri.

Akaja Warda, mwalimu mpya wa sayansi, kununua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alilivuta daftari, akafunua kurasa.

— Miezi minane, kila wiki mwanga ni saba nukta mbili. Ya kwanza alipima nani?

— Mimi, Februari, alisema Gulamabbas. Niliipima vizuri.

— Na zilizofuata?

Injinia alichungulia kikombe chake.

— Mzee ameshaandika saba nukta mbili. Mimi mtoto wa juzi niandike tisa, kwamba imefifia, chini ya jina lake?

— Adabu, alisema Mbio.

Taufiki aliziangalia kurasa. Wiki kumi na mbili zilikuwa za mwandiko wake.

— Basi wiki hii nyota ina mwanga kiasi gani? aliuliza Warda.

Mwanaharusi akasema kahawa imekwisha. Hakuna aliyekuwa ameiomba.

Taufiki aliandika: "Mawingu." Mzee Gulamabbas akatia saini, na wengine wakatia chini yake, kwa mpangilio wa umri.

Chama hakikukubali mawingu ya miezi minane. Darubini ilipakiwa Alhamisi. Nyota ilikuwa imeanza kufifia tangu Machi, na Taufiki aliiona wakati huohuo.